Mchezo wa Vifaru na Nyumba za Kuchorwa

Ninyi mnaocheza mkiwa mmejilaza, simu mkononi, na chaji ikiisha mnanuna kana kwamba dunia nzima imewadhulumu, sogeeni kidogo hapa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwachezesha watu. Nilipokwenda kuposa, mzee wa upande wa mke wangu aliniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu, "Niko na salle, chumba ya mchezo, kule Ntoto." Akauliza tena, nikajibu vilevile. Akamgeukia binti yake na kumuuliza kama hakuna mwalimu aliyebaki Walikale nzima. Furaha alicheka, akanikubali, na mpaka leo bado ananicheka.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka na vidole vimekuwa vizito. Nasikia baadhi yenu mnataka kufungua vyumba vya michezo Goma na Sake. Fungueni. Ila kwanza niwaambie jinsi tulivyofanya sisi huko msituni, katika miaka ambayo vita ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.

Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa ya Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kusali kweli, mwenye duka la sabuni, chumvi na betri. Siku moja lori lake lilishusha kompyuta kuukuu, televisheni ya mgongo mkubwa na jenereta ndogo, akaniambia, "Kaka Bauma, duka inalisha tumbo. Hii italisha kichwa. Weye utaichunga." Sikuwa najua hata pa kuiwashia. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu, na alifundisha kwa kunung'unika, mkono mmoja ukishika rozari mfukoni.

Adui wa kwanza wa kompyuta Walikale hakuwa askari, alikuwa unyevu. Mvua ya kule hainyeshi tu, inaingia nyumbani na kukaa. Ukiiacha mashine wazi, asubuhi unakuta herufi zimegoma na kioo kimeota ukungu ndani. Papa Kambale alinifundisha kuilaza kwenye sanduku la bati pamoja na mfuko wa makaa makavu, kwa sababu makaa yananyonya maji, na kila baada ya siku chache kuyaanika makaa juani kama mtu anavyoanika nguo za mtoto. Wanawake waliopita walikuwa wanasimama kuniangalia nikigeuzageuza makaa na kuulizana kama niko mzima. Siri ya pili: jenereta isiwashe kompyuta moja kwa moja. Iwashe kwanza balbu. Balbu ikicheza, subiri, na ikitulia, washa mashine. Nimeona watu wenye vyeti wakiunguza kompyuta nzuri kwa haraka ya dakika moja.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu. Kulikuwa na ramani yenye barabara inayopinda kutoka ukingo mmoja wa kioo mpaka kwenye ngome yako upande wa pili. Vifaru vya adui vinakuja kwa makundi barabarani, wewe unapanga mizinga na vifaru vyako kando ya njia kuvizuia. Ukiangusha kimoja, unapewa nguvu ya kuweka mzinga mwingine. Vikifika ngomeni, umekwisha, ondoka kwenye kiti. Ukishinda ramani hii, unafunguliwa nyingine iliyo ngumu zaidi.

Tulicheza bila sauti, na sababu yake ni Papa Kambale mwenyewe. Siku ya kufungua alitaka watu wavutike, akaunganisha bafle, yaani spika, mbili kubwa alizotoka nazo Butembo, akazielekeza sokoni. Ilikuwa siku ya soko. Kifaru cha kwanza kilipopiga, soko lote la Ntoto liliinuka. Watu walikimbia na mihogo yao, na mikeka yao, na kuku chini ya kwapa, na fundi cherehani mmoja alikimbia na cherehani ya mguu ambayo siku nyingine ilikuwa inabebwa na wanaume wawili. Sisi ndani tulikuwa tunashangilia, hatujui kitu. Tulipotoka, soko lilikuwa tupu, kimebaki chungu cha maharage kinachochemka peke yake. Papa Kambale alizunguka kijiji hadi jioni akiomba radhi mlango kwa mlango, na bafle zikarudi Butembo kwa lori lilelile. Tangu hapo vifaru vyetu vilikuwa mabubu, na mimi nikawa nawaambia wageni kwamba mtambo wetu ni wa heshima.

Ukikaa nyuma ya wachezaji kwa miaka, unawajua kuliko padri wao anavyowajua. Mfugaji wa milima ya Masisi anapanga mizinga kuzunguka ngome, kama anayefunga zizi jioni, na hata ukimwambia aisogeze mbele kidogo, hataki. Mkulima wa Walikale anaiweka mbele kabisa, kwenye kona, imejificha. Mfanyabiashara anaweka mmoja, anatunza nguvu yake, anatunza, anatunza, mpaka vifaru vinamkanyaga na akiba yake yote mkononi. Papa Kambale alikufa namna hiyo kila mara, na kila mara alisema mashine ndiyo mbaya.

Sasa nifike kwenye ramani iliyotufanya tuwe tulivyokuwa.

Ramani ile ilikuwa na kijiji. Nyumba ndogo za paa jekundu, zimechorwa kando ya barabara mahali inapopinda, na miti miwili mitatu. Upande wa pili, mbali kidogo, kulikuwa na kilima cha mawe, kitupu. Aliyetengeneza mchezo alichora nyumba zile ili kupamba tu. Hazina kazi, hazipigwi, hazianguki. Na nafasi nzuri kuliko zote ya kuweka mzinga mkubwa ilikuwa hapo hapo kwenye kona, nyuma ya nyumba.

Mtu wa kwanza kuifikia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mlangoni petu alikuwa anakaa Mama Sifa, akiuza mandazi na maziwa. Alikuwa amekimbia kutoka Muheto, mjane wa familia ya wafugaji, na wakati huo alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja aliyemwita kwa jina la marehemu shemeji yake kwa sababu wote wawili walikuwa wakaidi. Hakuwahi kuangalia mchezo. Siku hiyo aliingia kuchukua sahani yake, akasimama nyuma ya mwalimu.

"Mwalimu, iyo bunduki unaiweka wapi?"

"Hapa kwa kona, Mama. Njo fasi muzuri."

"Na benye nyumba?"

"Mama, ni picha tu. Hamuna bantu mule."

"Ulishaingia ukaona?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka sahani chini, akatuambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia, kwamba kule Muheto askari walikuja kuweka bunduki kubwa nyuma ya zizi lake, kwa kuwa ilikuwa fasi nzuri. Wale wa upande mwingine walipojibu, hawakuchagua. Nyumba ikaenda, ng'ombe wakaenda, na mama mkwe wake aliyekuwa amelala ndani na homa. "Ile bunduki yao ilibaki muzima," alisema. "Baliibeba bakaenda nayo."

Mwalimu aliutoa mzinga pale, akauweka kwenye kilima cha mawe. Akashindwa haraka sana. Akasimama, akampa mwenzake kiti, na mwenzake naye hakuweka kitu karibu na nyumba. Hakuna aliyetunga sheria. Ila kuanzia siku hiyo, katika chumba chetu, aliyeweka mzinga nyuma ya nyumba zile aliambiwa aachie souris, kile kidude cha mkononi, ampishe mwingine.

Mimi niliona njaa inanijia. Ramani hiyo bila ile kona haishindiki, nami nilijua mtu anayeshindwa kila siku anachoka na kwenda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nikajaribu kuwaeleza. Nikabonyeza juu ya nyumba mbele yao wote, waone kwamba hakuna kinachotokea. Nikasema kompyuta haihesabu nyumba.

Mama Sifa alikuwa mlangoni anageuza mandazi. "Kompyuta ihesabu yake, na sisi tuhesabu yetu," alisema bila kuinua kichwa.

Na hapo ndipo nilipojifunza jambo la biashara ambalo hamtalipata shuleni. Chumba kilijaa kuliko zamani. Kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kushinda ile ramani kwa njia yetu. Walichora barabara mchangani kwa kijiti, wakabishana, wakaja na mipango yao kutoka mashambani. Mzee mmoja alikuja akiwa na jembe begani, akacheza, akashindwa, akarudi kulima. Hata Mama Sifa akaanza kuingia na kutoa amri, "Vuta ile kanyuma, vuta," na ole wako usipovuta.

Ajida alitukuta katika hali hiyo. Alikuwa adjudant, na kwetu cheo hicho tunakiita ajida, hata jina lake la kweli sikuwahi kulijua. Kikosi chao kilipiga kambi juu ya kijiji wakati mambo yalipoanza kuharibika tena. Yeye alikuwa mkubwa wa wale waliobeba bunduki nzito, ile ya kusimamishwa kwa miguu ya chuma. Papa Kambale alikuwa ameweka sharti kwamba silaha haiingii ndani, na askari wengine walitutukana kwa ajili hiyo. Ajida alimpa mwenzake bunduki yake nje, akapanga foleni.

Alikuwa hodari. Alifika ramani ya kijiji upesi, akaweka mzinga nyuma ya paa jekundu bila kufikiri, akashinda. Akainua mikono na kugeuka ili apigiwe makofi. Hakuna aliyepiga. Mama Sifa alinyoosha mkono wenye unga, akaomba souris.

"Nimekosa nini, Mama? Si nimeshinda?"

"Umeshinda, mutoto wangu. Sasa uliza benye nyumba."

Akamsimulia ya Muheto, kama alivyotusimulia sisi. Nilidhani askari atakasirika, nikaanza kupima umbali wa mlango. Ajida alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akauanza mchezo upya. Siku zote zilizofuata alipopata nafasi alikuja, akacheza kwa njia yetu, akashindwa kama sisi. Aliujaribu sana ule mzinga wa kilima cha mawe. Kila mara kilima kinapigwa kwanza, kwa kuwa hakina pa kujificha. "Hapa haushindi," aliniambia siku moja. "Hapa unachelewesha tu." Kisha akaomba mandazi mengine.

Naandika haya nikijua wengi wenu mmekutana na askari wa aina nyingine kabisa. Mimi pia nimekutana nao. Ndiyo maana namtaja huyu.

Wiki ambayo vita ilifika, Furaha wangu alikuwa materinite, wodi ya wazazi, ya kituo cha afya. Alijifungua mtoto wa kike salama, halafu damu ikakataa kusimama. Muuguzi, Mama Bora, alihangaika naye usiku kucha mpaka ikasimama, akaniambia wazi: asiinuliwe, asisukumwe, kumbeba kwa tipoi, machela ya mabegani, kupita milima ni kumuua njiani. Siku ya pili yake kijiji kikaanza kuondoka. Nilisimama kwenye chumba cha mchezo, sijui nifanye nini kwanza. Mama Sifa aliingia, akafunga sanduku la bati pamoja na makaa yake, akalitwika kichwani.

"Hii ya Papa Kambale naenda nayo mu pori," alisema. "Weye enda kwa bibi yako."

Ng'ombe mkaidi akamfuata nyuma. Nikaenda kituoni. Tulibaki wachache pale, Mama Bora, wagonjwa wasioweza kutembea, na mimi. Kituo kilikuwa kwenye kona ya barabara, nyuma ya ua wa miti. Nilipowaona askari wanapanda kutoka chini wakiwa wamebeba ile bunduki nzito vipande vipande, nilijua wanakuja kuiweka wapi, kwa sababu nilikuwa nimeiona kona hii mara nyingi mno, kwenye kioo.

Major wao alitangulia. Aliangalia barabara, akaangalia ukuta wa materinite, akapiga kiganja ukutani. "Hapa," alisema. "Hapa ni muzuri sana."

Mama Bora alimwambia kuna wagonjwa. Major akajibu wagonjwa waondoke. Mama Bora akasema kuna asiyeweza kuondoka, na mimi nikasimama mlangoni pa materinite. Wale vijana wakaanza kushusha miguu ya chuma chini ya dirisha la chumba alimolala mke wangu. Ajida alikuwa nyuma yao. Aliniona mlangoni. Aliliangalia dirisha.

"Mon major," alisema, "naomba niende nayo kule kwa kilima."

Kuvuka barabara kulikuwa na kilima chenye majani mafupi, pale watu walipokuwa wanaanikia mihogo. Major aligeuka kukitazama.

"Kule hakuna fasi ya kujificha."

"Najua, mon major."

"Sasa unafwata nini?"

"Kule nitaona barabara yote."

Mimi sikuwahi kuwa askari, lakini hata mimi nilijua kwamba mtu akiona barabara yote, barabara yote inamwona yeye. Major pia alijua. Lakini mtu wake akamwita kutoka chini, na hakuwa na wakati wa kubishana. "Sawa," alisema. "Ni kichwa yako." Ajida aliwaambia vijana wake wabebe. Mmoja alinung'unika, akamwekea mkono begani, wakavuka barabara.

Asubuhi walipokuja wale wa upande mwingine, kila kitu kilianguka juu ya kilima. Nilikuwa nimelala sakafuni kando ya kitanda, mkono wangu juu ya Furaha, mtoto katikati. Vumbi lilishuka kutoka darini. Risasi za kupotea zilitoboa bati la jikoni. Mama Bora alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo ili wagonjwa wasikie kitu kingine. Bunduki ya kilima ilisema, ikanyamaza, ikasema tena. Kufika jua la mchana, haikusema tena.

Ndipo wale vijana wa bunduki wakashuka. Walipita mbele ya ua wetu wakienda, wachache kuliko walivyopanda, na Ajida alikuwa wa mwisho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa shati, na shati limeloa. Mama Bora alifungua geti.

"Ingia, nikufunge uyo mukono."

Alisimama. Akatikisa kichwa.

"Niko na bunduki, Mama. Benye kunifwata bataniona naingia umu."

Mama Bora hakubishana naye. Alirudi ndani, akachukua beseni na pamba, akatoka barabarani. Alimfunga mkono pale pale juani, Ajida amekaa juu ya jiwe, uso wake ukiangalia walikotoka. Mimi niliwaona kwa dirisha. Nilitaka kutoka, lakini Furaha alikuwa amenishika kidole na nguvu zake zote zilikuwa kwenye kile kidole. Nilimsikia Ajida akiuliza kama mama na mtoto wako muzima. Mama Bora akajibu wako muzima. Ajida akainuka, akaondoka na njia ya Masisi.

Wale waliomfuata walipita baada ya muda. Walichungulia ndani ya ua, wakaona wagonjwa, wakaendelea. Hakuna aliyekuwa amewapiga kutoka pale.

Tulirudi kufungua chumba, maana Mama Sifa alitoka porini na sanduku likiwa kavu kuliko nilivyokuwa nalihifadhi mimi. Tuliendelea kushindwa ramani ile kwa miaka, mpaka mashine ikafa kwa uzee. Papa Kambale alilia siku hiyo, kisha akasema ni mashine mbaya. Namshukuru yeye, namshukuru Mama Sifa, namshukuru Mama Bora, na wote walioshindwa kwa hiari yao kwenye kile kiti cha mbao. Hawa niliwaambia kwa mdomo wangu, wakanisikia.

Ajida sikumwona tena. Niliuliza kwa kila kikosi kilichopita, na bila jina nilikuwa namtafuta mtu gani. Basi mimi na Furaha tukakubaliana, tukampeleka mtoto kanisani, na padri alipouliza jina, tukamwambia Aksanti. Sasa ni msichana mrefu, anasahau kufunga milango, na kila jioni nasimama uani naita jina lake aje kula.